Fungu la Chuo cha Mandakani

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji wenye kisima kimoja na kanzu moja safi ulikuwa na sultani wake, palikuwa na mji ukiitwa Mandakani, na sultani wake jina lake Dahalani. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye sauti nene na tumbo lililomtangulia kila alikokwenda, hata watumishi wakijua kwamba bwana anaingia kabla hawajaiona sura yake. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mchoyo tu, na juu ya uchoyo alipenda sifa, na mtu mwenye maradhi hayo mawili kwa pamoja hapumziki, maana moja humtuma atoe na la pili humshika mkono.

Kila mavuno watu wa Mandakani walimletea sultani makapu mia nne ya mpunga, na hayo ndiyo yaliyokuwa mapato yake. Palikuwa na siku maalumu ya kazi hiyo, ikiitwa Siku ya Pishi, ambapo makapu yalipitishwa langoni mbele ya watu wote, na ngoma ikapigwa mara moja kwa kila kapu, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuona. Katika makapu hayo mia nne, manne yalipelekwa chuoni, ndiko watoto walikofundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Yaliyosalia yaliingia ghalani, yakaliwa na sultani, na wazee wa baraza, na farasi, na panya. Panya walipata zaidi ya chuo, na hakuna aliyewahi kumwona panya akimfundisha mtu kitu.

Chuo chenyewe kilikuwa banda la makuti lililovuja pande zote isipokuwa pale mwalimu alipotundika ubao wake. Watoto walikaa juu ya jamvi moja lililochakaa, na bao za kuandikia zilikuwa chache, ikawa mtoto mmoja huandika na wenzake watatu humwangalia mkono. Mwalimu alikuwa mwanamke, Bi Mize binti Shomari, mwembamba, mwenye sauti iliyokwisha kukauka kwa kupiga kelele, na macho ambayo yakimtazama mtu, mtu hukumbuka makosa yake yote tangu utotoni.

Bi Mize alikuwa na mume, akiitwa Vuai. Mji mzima ulimwita Kiroboto, kwa kuwa hakuwa na kazi wala kitu, bali alirukaruka kutoka baraza hii hadi baraza ile akitania watu, na kila alipotua, mtu alijikuna. Nguo zake zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mkewe. Alikula mshahara wa Bi Mize, na mshahara wenyewe ulikuwa mpunga wa chuo, kwa hiyo alikuwa mwembamba kama yeye. Lakini alimpenda mkewe sana, wala hakuona haya kulisema neno hilo mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa Mandakani walilihesabu kuwa ni wazimu mtupu.

Basi siku moja Bi Mize akarudi kutoka chuoni, akakaa kizingitini, akamwambia mumewe, "Vuai, watu wa Kirindo wameniita kwao. Wana chuo chenye paa, na mwalimu hupewa nyumba."

Vuai akajaribu kufanya mzaha, mzaha ukagoma kutoka. Akauliza, "Na watoto wa hapa?"

"Ndio wanaoniuma," akajibu Bi Mize. "Lakini mimi siwezi kuwalisha sauti yangu, nayo imekwisha. Nangoja Siku ya Pishi. Wakileta makapu manne tena, nafunga mzigo wangu. Ukitaka kunifuata, nifuate; usipotaka, baki na baraza zako."

Vuai akaona dunia imekuwa nyembamba. Kirindo angekwenda, hilo halikuwa na shaka, angemfuata mkewe hata porini. Ila alimjua Mize. Alijua kwamba akiwaacha wale watoto hatacheka tena, na nyumba isiyo na kicheko cha Mize hakuwa na haja nayo. Akakosa usingizi kwa mambo hayo, yeye ambaye alizoea kulala hata mchana.

Ikawa katika siku hizo wakafika Mandakani wajumbe wa miji mitatu, kuzungumza habari za njia za biashara. Sultani akawafanyia karamu, kwa kuwa wageni wana midomo na midomo hubeba sifa. Wakala, wakashiba, wakanawa, wakaanza kujisifu, kila mmoja kwa ajili ya bwana wake. Na Vuai alikuwepo mlangoni, akingoja ukoko wa sufuria.

Mjumbe wa kwanza akasema, "Bwana wangu ana mapenzi makubwa na elimu. Katika mapato yake yote, hutoa fungu moja katika ishirini kwa ajili ya vyuo."

Wa pili akakohoa kidogo. "Hongereni. Bwana wangu hutoa moja katika kumi na tano."

Wa tatu akapangusa ndevu. "Sisi ni moja katika kumi na mbili, tena hatupendi kujisifu."

Sultani Dahalani alikuwa akisikiliza kwa makini. Na ijulikane kwamba utotoni mwake, kila alipopelekwa chuoni, alilia mpaka mama yake akamrudisha nyumbani, ikawa hesabu yake iliishia kwenye vidole. Akasikia ishirini, kisha kumi na tano, kisha kumi na mbili, akaona kwamba wafalme hawa kila mmoja ni mnyonge kuliko mwenzake. Akawahurumia. Akacheka mpaka tumbo likatikisa sinia.

"Maskini!" akasema. "Ishirini, kumi na tano, kumi na mbili! Haya ni mambo ya kusemwa mbele za watu? Mimi Dahalani, chuo changu hukipa moja katika mia!"

Mjumbe mmoja akajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu, mwingine akaanza kuangalia dari kama mtu anayehesabu boriti. Ndipo kutoka mlangoni kikasikika kicheko kikubwa, na mwenye kicheko alikuwa Vuai, na ukoko mdomoni.

Sultani akanguruma, "Wewe Kiroboto, unacheka nini?"

"Nacheka kwa furaha, Maulana," akajibu Vuai. "Nimewaza tikiti limekatwa vipande mia, na chuo kikapewa kipande kimoja. Kama sisimizi hawatawahi, watoto watashiba."

Waziri Nasibu, ambaye ndiye aliyekuwa akili ya sultani kila ilipohitajika akili, akainama haraka akamnong'oneza bwana wake habari za tikiti. Uso wa sultani ukabadilika rangi, ukawa mwekundu, kisha ukawa wa majivu. Akatazama wajumbe, akaona midomo yao inatetemeka. Basi akashika bakora yake akapiga sakafu mara tatu, akasema kwa sauti kubwa, "Nilikuwa nawapima akili! Mwaka huu mzima, katika kila kitu kitakachoingia kwangu, chuo kitapata fungu moja katika tano!"

Sasa, bakora ya sultani ikipigwa mara tatu, siwa hulia. Siwa ni ile pembe kubwa ya enzi, na Mandakani kulikuwa na mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuipuliza. Mzee huyu alikuwa amelala pembeni, hakusikia lolote juu ya mafungu, ila bakora aliisikia. Akaamka, akapuliza. Ikalia mji mzima. Na desturi ya Mandakani ilikuwa kwamba neno lililopigiwa siwa halitanguki mwaka mzima, na mwaka wenyewe huanza kuhesabiwa Siku ya Pishi inayofuata, ukaisha ile ya pili yake ikipita. Sultani akilitangua, siwa huchukuliwa ikapewa mwingine, na mwenye siwa ndiye sultani. Dahalani alikuwa na binamu yake upande wa pili wa mji ambaye kila aliposikia siwa alinawa mikono, akangoja.

Wageni walipokwenda kulala, sultani akamshika Waziri Nasibu kanzu. "Moja katika tano ya makapu mia nne ni ngapi?"

"Themanini, Maulana."

"Themanini!" Sultani akakaa chini. "Makapu themanini kwa watoto! Wana vinywa vidogo namna ile, wataupitisha wapi mpunga wote huo? Afadhali ning'olewe meno."

Waziri akafikiri, kisha akasema, "Maulana, aliyecheka na abebe. Mpe Kiroboto kazi hii. Akiiweza, tumepona. Akishindwa, tutasema yeye ndiye aliyeharibu, na lawama zitakwenda kwa mtu ambaye hana pa kuziweka."

Sultani akafurahi sana. Kulipokucha Vuai akaitwa, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Kiroboto," akasema sultani, "wewe ni bingwa wa matikiti. Sikiliza basi. Siku ya Pishi wajumbe watakuwepo, na chuo kitapata fungu moja katika tano ya mapato yangu, macho ya watu wote yakiona. Lakini mpunga wa chuo hautazidi makapu manne. Hata punje moja isizidi! Ukishindwa, lile banda nitalifanya zizi la punda wangu, na mkeo atafute pa kupigia kelele."

Vuai akamwona moyoni Mize amebeba mzigo wake kichwani, na punda wanaingia. Kisha akasema polepole, "Maulana, niweke wazi. Fungu liwe moja katika tano?"

"Naam."

"Na makapu yabaki manne?"

"Naam."

"Hakuna sharti la tatu?"

Sultani akamtazama waziri wake. Waziri akatikisa kichwa. "La tatu halipo."

"Basi naomba pete yako ya muhuri, ili watu wanitii, nami nikae nayo mpaka mwaka ugeuke, kwa kuwa neno lenyewe ni la mwaka mzima. Na mpiga siwa anifuate."

Sultani alikuwa na pete nyingine tisa, akaivua hiyo bila ya kufikiri, akamtupia. Vuai akaidaka, akainama, akatoka kinyumenyume kwa adabu zote.

Akaenda shamba kwa shamba, kijiji kwa kijiji, na yule mzee wa siwa nyuma yake akilalamika miguu. Kila walipofika siwa ililia, watu wakakusanyika wakiwa na nyuso za msiba, wakidhani ni kodi mpya, na Vuai akainua pete akatangaza, "Enyi watu! Mavuno haya sultani wenu atapokea makapu ishirini tu, kwa nchi nzima. Mpunga uliobaki ni wenu. Kaleni!"

Hakuna aliyeshangilia. Mahali pengine watu walikimbilia ndani wakafunga milango, kwa kuona kwamba hila kubwa namna hii hawajapata kuiona. Bibi mmoja mwenye jembe begani akamsogelea Vuai akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sultani anaumwa?"

"Hajambo, bibi. Ila ana haraka ya kuwa wa kwanza duniani."

"Katika jambo gani?"

"Katika elimu."

Yule bibi akasema, "Mungu amzidishie haraka," akaenda zake kuwaambia wenzake wafungue milango. Ndipo vigelegele vikaanza.

Siku ya Pishi ikafika. Sultani akaketi juu ya jukwaa, kavaa joho la dhahabu, wajumbe watatu kuliani kwake, Waziri Nasibu kushotoni, na mji mzima umejaa uwanjani. Bi Mize naye alikuwepo, amesimama nyuma na watoto wake, na nyumbani mzigo wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Lango likafunguliwa, ngoma ikapigwa, kapu la kwanza likaingia.

Vuai akasimama katikati akipokea. Kapu la kwanza, "La sultani!" La pili, "La sultani!" La tatu na la nne vivyo hivyo. La tano, "La chuo!" Wajumbe wakatazamana. Akaanza tena, manne kwa sultani, la tano kwa chuo. Sultani akatabasamu kushoto na kulia, akiwapungia watu mkono. Lakini kapu la chuo la nne lilipowekwa chini, mpiga ngoma akafunga fimbo zake, na mlinzi akafunga lango.

"Mbona wanafunga?" sultani akauliza bila ya kufungua meno, ili tabasamu lisianguke.

"Yamekwisha, Maulana," akasema Vuai.

Hapo wajumbe wakainuka wote watatu, wakamwinamia sultani. Yule wa moja katika kumi na mbili alikuwa na machozi machoni. "Ewe Mfalme," akasema, "tulikucheka ukumbini, utusamehe. Moja katika tano! Tumeona kwa macho yetu. Nchi zote tulizopita, hakuna sultani aliyekipa chuo fungu kubwa kama hili. Tutalisimulia mpaka watu waumwe masikio." Na watu wakapiga makofi, na sultani ikambidi ainuke aitikie, kwa kuwa mtu anayesifiwa hawezi kuuliza ulipo mpunga wake.

Alipopata nafasi akamvuta Vuai nyuma ya kiti. "Mwizi wee! Makapu mangapi haya?"

"Ishirini, Maulana. Kumi na sita yako, manne ya chuo. Moja katika tano, na makapu ni manne. Hata punje haikuzidi."

"Na mia tatu na themanini yako wapi?"

"Majumbani kwa watu, yanapikwa. Maulana, katika hesabu ile mlikuwa wawili tu, chuo na wewe. Chuo ulinikataza nisikiguse. Nikakugusa wewe."

Sultani akainua bakora ampige nayo, akakumbuka kwamba ikigonga sakafu mara tatu siwa italia tena, akaishusha taratibu.

Watu wote walirudi makwao wakiimba, isipokuwa mtu mmoja. Bi Mize alimngoja mumewe nyumbani, mikono kiunoni.

"Hongera, Kiroboto," akasema, na hakuwa akimwita jina hilo hata siku moja. "Umewashibisha watu wote wa nchi hii. Chuo changu kimepata nini?"

"Fungu kubwa kuliko vyuo vyote duniani."

"Nakuuliza makapu."

"Manne," akasema Vuai, akitazama chini.

"Manne! Mwaka jana manne, mwaka huu manne. Wajumbe wanalia machozi ya furaha, na mimi jamvi langu ni lile lile. Watoto wangu watakula fungu?"

Vuai akamshika mkono. "Mke wangu, nakuomba unipe mpaka mavuno yajayo. Sultani nimemfunga kwa maneno yake mwenyewe, lakini bado hajasikia njaa. Akisikia njaa, utaniambia." Bi Mize akamtazama kwa yale macho yake. Mwisho akafungua mzigo, akatoa sufuria tu, vitu vingine akaviacha ndani.

Na kazi yake ikazidi kuwa nzito. Wazazi waliokuwa wakiwazuia watoto shamba ili wajaze makapu ya sultani, sasa walikuwa na chakula ndani, wakawaleta chuoni. Wakaja wengi, jamvi likawashinda, wengine wakakaa mlangoni, wengine wakachungulia dirishani wakiitikia herufi kutoka nje. Bi Mize akafundisha mpaka sauti ikawa mnong'ono. Dunia nzima ilikuwa ikiisifu Mandakani kwa kuipenda elimu, na mwalimu wa Mandakani alikuwa akigawa ubao mmoja kwa watoto wanane.

Huko ikuluni nako mambo yaliharibika. Makapu kumi na sita si chochote kwa nyumba yenye watu wengi namna ile. Kwanza wazee wa baraza wakagundua kwamba wana shughuli nyumbani. Kisha farasi wakakopeshwa kwa jirani. Kisha panya wakahama, na siku walipohama mpishi alilia, maana aliona sasa hali imekuwa mbaya kweli. Sultani akawa anapewa wali kwenye kibakuli, anaupangapanga ili uonekane mwingi.

Akatafuta mlango wa nyuma. Akamtuma Waziri Nasibu kwa marafiki zake matajiri, awaambie kwamba sultani hatakasirika akipewa zawadi. Tajiri mmoja akaleta mbuzi aliyenona. Lakini langoni alikuwa ameketi Vuai, na pete kidoleni.

"Simama," akasema. "Siwa ilisema kila kitu kitakachoingia. Mbuzi si kitu?" Akachinjwa palepale, fungu moja katika tano likapimwa, paja zima na mbavu kadhaa zikapelekwa chuoni, na watoto wakanywa mchuzi siku hiyo. Akaja mwingine na tende, Vuai akatoa fungu la chuo. Akaja mfanyabiashara na joho la hariri, zawadi ya sultani, Vuai akaomba mkasi. Akalipima, akalitazama, akaona kwamba mkono mmoja pamoja na kipande cha bega ndilo fungu lake la moja katika tano. Akakata. Tangu siku hiyo bao za chuo cha Mandakani zikafutwa kwa hariri.

Sultani akatoka mbio, joho mkononi. "Nilikukataza chuo kisizidishiwe!"

"Ulikataza mpunga, Maulana. Hili ni joho."

Zawadi zikakoma, kwa kuwa hakuna anayependa kutoa kitu chake kikatwe mkono langoni. Mavuno ya pili yakakaribia, na mpunga ukawa wa manjano mashambani. Usiku na mchana sultani alikuwa akiota kitu kimoja tu, nacho ni sahani iliyojaa. Mwisho akamwita Vuai, peke yake, bila ya waziri. Tumbo lake halikuwa likimtangulia tena; sasa walifika kwa pamoja.

"Vuai," akasema, wala hakumwita Kiroboto. "Nirudishie makapu yangu mia nne."

"Ni yako, Maulana. Wafalme hula, hakuna aliyekukataza. Nitapiga siwa kesho, watu wataleta, na safari hii wataleta kwa miguu myepesi, maana wameshiba. Ila fungu ni lile lile, moja katika tano. Mwaka haujageuka. Yakiingia mia nne, themanini ni ya chuo."

Sultani akafumba macho. "Na nikibaki na ishirini?"

"Utakula kumi na sita."

"Na themanini yakitoka, mimi nitabaki na ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

Sultani akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaanza upya. Uchoyo wake ukamvuta huku, njaa ikamvuta kule, na jasho likamtoka. Akasema kwa unyonge, "Haiwezekani niingize mia nne, na wao wapate manne tu, na bado iwe moja katika tano?"

"Hilo Maulana, hata siwa haiwezi," akajibu Vuai, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. "Mwaka mzima umesifiwa kwa fungu kubwa, na mwaka mzima watoto wamekaa mchangani. Mke wangu amebakiwa na mnong'ono. Mzigo wake bado umefungwa, na akiondoka, huna wa kumpa fungu lako. Nakuomba. Useme mwenyewe kwa mdomo wako."

Hapo tumbo la sultani likanguruma kwa sauti nzito, likasikika ukumbi mzima. Sultani akalitazama. Akasema, "Umesikia? Limekwisha kusema." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, kwa kuwa njaa humfanya mtu acheke upesi. "Wape themanini! Wape, kabla sijapata akili!"

Siku ya Pishi ikafika, ngoma ikapigwa mara mia nne, na makapu themanini yakapakiwa kwenda chuoni. Paa likaezekwa upya, majamvi yakasukwa, bao zikachongwa, na walimu wawili wakaletwa kutoka Kirindo wamsaidie Bi Mize. Bi Mize akafungua mzigo wake wote, akakung'uta nguo, akazitundika ukutani, na Vuai akakaa kizingitini akamwangalia mpaka nguo ya mwisho.

Lakini sultani, alipokwisha kula siku tatu mfululizo, uchoyo ukamrudia. Akasema, "Nataka nione wanafanya nini na mpunga wangu." Akaondoka na Waziri Nasibu akimshikia mwavuli, na Vuai akawafuata nyuma.

Walipoingia chuoni watoto wote wakasimama. Sultani akanyoosha shingo.

"Nani kawaambia msimame?" akauliza Bi Mize. Watoto wakakaa. Kisha akageuka akainama kidogo kwa heshima. "Karibu, Maulana. Nyumba ni yako, ila saa hii ni ya watoto. Somo halijaisha."

Sultani akafungua mdomo aseme yeye ni nani. Bi Mize akamtazama, na sultani akajikuta anakumbuka siku zote alizolia akarudishwa nyumbani. Akaona haya mbele ya vile vitoto. Msichana mmoja wa mbele akajisogeza kando, akapigapiga jamvi kwa kiganja, kumwonyesha mahali palipo wazi. Na Dahalani, Sultani wa Mandakani, akakusanya joho lake, akajishusha polepole, akakaa kitako.

Vuai alipoona hivyo kicheko kikamponyoka pale mlangoni.

"Vuai, nje," akasema mkewe bila ya kugeuka.

Vuai akatoka. Waziri Nasibu naye akatabasamu, na hapo Bi Mize akamwelekeza mlango kwa kidole, naye akatoka pamoja na mwavuli. Na sultani akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtetemeka, akijitahidi asicheke, kwa kuogopa kwamba atatolewa naye.